Upande wa Kulia, Mhola

Kwetu Bariadi ukiulizwa mhola, unajibu mhola. Hata kama zizi limevunjwa na ng'ombe hawajulikani waliko, kwanza unajibu mhola, yaani salama, halafu ndipo unaanza kueleza habari ya zizi. Hakuna anayekuona mwongo. Ni adabu tu, na mtoto hufundishwa kabla hajajua kufunga vifungo. Fundi aliikataa adabu hiyo. Ukimsalimia asubuhi ukamuuliza mhola, alisimamisha cherehani, akakutazama juu ya miwani, akasema, "Upande wa kulia, mhola." Kisha akaendelea kushona.

Wageni walicheka. Walidhani ni utani, maana Msukuma na utani ni chanda na pete. Mimi niliyekuwa jirani yake nilijua kwamba hiyo ilikuwa taarifa kamili, haijatiwa chumvi, na kwamba upande wa kushoto ulikuwa na habari ambazo mtu hawezi kuzieleza akiwa na wateja mbele yake.

Nina duka dogo la dawa, na baraza ya Fundi ya kushonea ilikuwa mlango wa pili, chini ya bati lile lile. Watu huniita dokta. Mimi si daktari, nilisoma kozi fupi ya kuuza dawa, na nimechoka kulieleza hilo. Yeye aliniita mdogo wangu siku njema, na Dokta siku alizotaka kunichoma. Mafundi mjini walikuwa wengi, kila mmoja na lake: fundi wa stendi, fundi wa sokoni, fundi mrefu. Yeye alikuwa Fundi, basi. Ukimwambia dereva wa bodaboda akupeleke kwa Fundi, hakuulizi yupi.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama unavyowaanza wengine. Malengelenge yalitokea chini ya titi la kushoto, yakafuata ubavu hadi kwenye uti wa mgongo. Mkanda wa jeshi. Nilimwona nikamwambia aende hospitali siku hiyo hiyo, akasema ana sare za kwaya za kumaliza. Alipokwenda, malengelenge yalikuwa yameshapasuka. Baada ya majuma kadhaa yalikauka, magamba yakadondoka, yakabaki madoa ya kahawia. Watu wakampa pole na hongera kwa pamoja. Maumivu hayakuondoka. Hospitali walimweleza kwamba mkanda hukaa kwenye mishipa ya fahamu, na kwamba mishipa yake imeumia, inapiga kelele bila sababu. Yeye alikuwa na maelezo yake mafupi zaidi: "Ugonjwa umehama, umeniachia mbwa wake."

Mbwa huyo alikuwa na akili ya ajabu. Fundi akijigonga kwenye meza upande ule, wala haumii sana. Kitambaa laini kikimgusa, anaruka. Upepo wa kiangazi, ule unaobeba vumbi na nyuzi za pamba kutoka kwenye malori yanayokwenda kiwandani, ulikuwa adui yake mkubwa, kwa sababu ulimpapasa. Alisema angeweza kuvumilia kupigwa, asichoweza ni kupapaswa. Siku nyingine maumivu yalikuwa moto, kama mtu kasahau pasi ya mkaa ubavuni. Siku nyingine siafu. Siku nyingine yalikuwa muwasho ndani ya nyama, na ukikuna unakuna ngozi isiyohusika. Mwanamke aliyeishi kwa kitambaa tangu ujana wake, sasa kitambaa hakimtaki. Hilo lilimuudhi kuliko maumivu yenyewe, na lilinikera hata mimi niliyekuwa natazama tu.

Watu wa nchi hii tumekubaliana kwamba fundi cherehani ni mwongo kwa mujibu wa kazi yake. Akikwambia Ijumaa, unatabasamu, unahesabu moyoni kwamba ni Jumanne ya wiki ya pili, na ukiipata Jumatatu unamshukuru. Fundi hakuwa wa jamii hiyo. Ijumaa yake ilikuwa Ijumaa. Ukija asubuhi unaikuta nguo imeshanyooshwa, imekunjwa, nyuzi zote zimekatwa. Ukija Jumamosi anakugombeza kwa kuchelewa. Nilishawahi kumsikia akimkatalia mke wa mtu mkubwa kwa sababu alitaka gauni kwa siku tatu, na Fundi akajua haliwezekani. Yule mama aliondoka amenuna, akaenda kwa fundi wa sokoni aliyesema ndiyo, na harusini akaja na gauni la zamani. Fundi hakusema neno juu ya hilo, ila wimbo aliokuwa akiuimba wiki ile nzima ulikuwa wa shangwe.

Ijumaa hiyo ndiyo mbwa aliyoiiba. Kushona ni kuinama, na ukiinama nguo yako inalala ubavuni. Alijaribu kukaa upande, akajaribu kukanyaga cherehani akiwa amenyooka kama askari kwenye gwaride, lakini mishono ikaenda kombo. Akatundika pazia mlangoni, akawa anashona amefungua vifungo vyote vya kushoto, na mteja akipiga hodi inambidi avae, na kuvaa ndiko kunakomuumiza. Kazi ya siku moja ikawa ya siku mbili, ya mbili ikawa ya juma. Nikaanza kusikia kupitia ukutani maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kutoka kwake: njoo kesho, bado vifungo, njoo kesho kutwa.

Nakumbuka mama mmoja aliyetoka Nassa kuchukua magauni ya wasimamizi wa harusi ya mwanawe. Alikuwa amepanda gari alfajiri, Ijumaa kama alivyoambiwa. Magauni mawili yalikuwa hayajaguswa. Fundi alisimama kumweleza, akiwa tayari kutukanwa. Yule mama hakutukana. Alicheka kwa upole, akamgusa mkono, akasema, "Hamna neno, mayu. Mafundi ndivyo mlivyo." Akaenda zake kutafuta chai.

Fundi aliingia dukani kwangu, akakaa juu ya boksi la dripu, akalia kwa hasira mpaka miwani ikaloa. Nilimwambia mbona mama wa watu hakukasirika. Akaniambia bora angemtukana kuanzia kichwani hadi kwenye kucha, kwa sababu anayetukanwa bado anategemewa. Tangu siku ile nilijua anachopigania. Maumivu alikuwa radhi kuyabeba kama angeachiwa kazi yake na neno lake.

Ukitaka kumjua mtu, mtazame anavyovaa akiwa mgonjwa. Fundi alivaa blauzi nje ndani, ili mishono isimkwaruze. Baadaye alijishonea magauni yenye kipande kikubwa cha satini upande wa kushoto, cha rangi yoyote iliyobaki, akawa nusu bibi harusi na nusu mama wa nyumbani. Watoto wa shule walisimama kumshangaa. Mtu anayevaa nguo nje ndani mjini kwetu ama kalewa, ama karukwa na akili, ama katumwa na mganga, na kila mtaa ulichagua sababu yake. Aliyetushonea nguo za heshima miaka yote akawa ndiye asiyejua kuvaa.

Halafu kulikuwa na mkono. Akisimama, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kiunoni, ukashika nguo na kuivuta mbali na ubavu. Ukimwona kwa mbali unaona mwanamke kashika kiuno. Sasa kwetu, mtu mzima akishika kiuno mbele ya wakubwa, ametukana bila kufungua mdomo. Kwenye msiba wa muumini mmoja wa kanisani kwao, alisimama hivyo wakati mchungaji anasoma neno, jua la mchana, nguo imeloa jasho imemganda. Mjomba wa marehemu alimtuma mtu amwambie aondoe mkono au aondoke. Fundi aliuondoa. Nilimwona alivyobana midomo. Alivumilia sala yote mikono imeshuka, na tulipofika nyumbani alishindwa kupanda ngazi mbili za baraza. Niliwaka nikataka kurudi kumweleza yule mjomba ukweli. Akanikataza, akaniuliza nitaanzia wapi. Kweli, ungeanzia wapi? Msibani, mbele ya maiti, unaeleza habari za mishipa ya fahamu?

Mimi nilimuuzia nilichokuwa nacho. Nilianza na vidonge vya kawaida vya maumivu, nikaja na vikali kidogo, nikampa vya vitamini ambavyo watu huviita vya neva, nikampa na dawa ya kuchua, ambayo ilikuwa kosa maana inapakwa kwa mkono. Vyote havikumsaidia. Siku moja aliweka karatasi ya vidonge juu ya kaunta yangu.

"Dokta, hii inatibu nini?"

"Maumivu."

"Ya nani?"

Alikirudisha kila kidonge kilichobaki, akaenda zake, na siku mbili hakunisalimia. Siku ya tatu alikuja kuomba sindano ya kushonea kana kwamba mimi nauza sindano hizo, na hivyo ndivyo alivyokuwa anaomba radhi.

Hakuwa mgonjwa mzuri. Ukimuuliza hali unamuudhi, kwa sababu jibu ni lile lile na kulitamka kunamchosha. Usipomuuliza unamuudhi zaidi, kwa sababu umemsahau. Kuna kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu akafungwa plasta nyeupe hadi gotini, na mtaa mzima ukamhudumia: huyu kamletea uji, huyu kamwekea kiti, watoto wamemwandikia majina kwenye plasta. Fundi alimwangalia kila siku kwa wivu wa wazi kabisa. "Ana bahati," aliniambia. "Ana kitu cha kuonyesha." Nikamwambia mtu kavunjika mfupa, acha roho mbaya. Akasema mfupa una tarehe ya kupona. Baadaye alimpanulia yule kijana mguu mmoja wa suruali ili plasta ipite, hakumtoza kitu, na alimgombeza muda wote alipokuwa anamshonea.

Neno lililomchosha kuliko yote lilikuwa kupona. Kila mtu alimuuliza si umeshapona? Na kweli kidonda kilipona. Ukimfunua ubavu unaona madoa tu, ngozi imefunga vizuri. Ungemtetea kwa lipi? Yeye mwenyewe kuna siku alijitazama kwenye kioo kile kikubwa cha wateja, akasema labda mwenye kosa ni yeye, labda ameyazoea maumivu tu. Nusu saa baadaye upepo ulipuliza pazia, likamgusa, na mayowe yake yalimtoa mteja wangu dukani.

Watu nao hawakukosa la kusema. Wa kwanza walikuwa wale wa mkanda ukikutana. Kwetu inaaminika kwamba mkanda wa jeshi ukizunguka mwili mzima, kichwa kikakutana na mkia, mtu anakufa. Wake ulikuwa umezunguka nusu. Basi wanawake walikuja kumwangalia umefika wapi, kama watu wanaokwenda kutazama mto uliojaa. Wa pili walikuwa wale wanaojua kwamba mkanda huja na ukimwi. Alikwenda kupima, akakutwa salama. Akapima tena. Aliniambia mara ya kwanza alijipimia yeye, mara ya pili aliwapimia wao. Haikusaidia, kwa sababu majibu ya namna hiyo huwezi kuyatundika barazani pamoja na mitindo ya magauni. Na hata kama angekuwa nao, hilo lilimhusu nani? Lakini wateja wawili watatu waliacha kumletea kitambaa, wakasema wameamua kununua nguo za dukani.

Wa tatu alikuwa kaka yake. Huyu ni mfugaji wa Mkula, mtu mwema, mpole, aliyempenda dada yake kuliko ng'ombe wake, na kwa Msukuma hilo si jambo dogo. Alikuja na mfumu, mganga wa kwao, mzee mwenye mkoba wa ngozi. Mfumu aliutazama ubavu, akasema kichwa cha mkanda bado kimo ndani kinautafuta mkia, lazima kitolewe. Fundi alikuwa mtu wa kanisa, lakini usingizi ulikuwa umemkimbia miezi mingi, na mtu asiyelala hukubali lolote. Akakubali. Wakamchanja chale juu ya ngozi ile ile isiyovumilia hata satini, wakasugua unga mweusi. Alilia mpaka nikatoka dukani. Kaka yake alikuwa amekaa nje kwenye benchi, machozi yanamlenga kwa furaha. "Gashi, kumbe kinatoka," aliniambia. "Sikia kinavyotoka."

Fundi alipoweza tena kuongea alisimulia habari hiyo kwa mzaha, kwamba alikuwa anaungua na watu wanamshukuru Mungu. Lakini Fundi hakumwambia kaka yake ukweli. Alimwambia wabeja, asante, kumepungua kidogo. Kaka alirudi Mkula akiwa amepona yeye.

Hapo ndipo nilipomlazimisha twende tena hospitali, kwa daktari mwingine. Alikuwa binti mdogo, msikivu. Alimgusa ubavu kwa kipande cha pamba, akaona alivyoruka, akaacha hapo hapo. Alisema ipo dawa, si ya kuponya, ya kutuliza mishipa. Kidonge kidogo kila jioni. Dawa hiyo, alisema, kwa kiwango kikubwa hupewa watu wenye magonjwa ya akili, lakini kwa kiwango kidogo inatuliza neva, asiogope. Fundi alisikiliza vizuri mpaka pale. Kisha tukaelekezwa pa kuichukulia. Ilikuwa kwenye kliniki ya afya ya akili, jengo la mwisho, siku ya kliniki, pamoja na wagonjwa wengine wote.

Tulikwenda. Kulikuwa na benchi refu barazani. Watu walikuwa wametulia, na ndugu zao. Kijana mmoja alikuwa anaongea peke yake kwa sauti ya chini. Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja wa kwaya ya Fundi, amemleta mwanawe, na wakaonana. Yule mama alimsogezea nafasi akae. Fundi alisimama pale, mkono kiunoni, nguo imevutwa. Kisha akageuka. Nilimfuata hadi getini nikiongea, sikumbuki hata nilichosema, nadhani nilikuwa nafoka. Dawa ile duka langu haliruhusiwi kuiuza. Ningekuwa nayo ningempa siku ya kwanza.

"Wananiona mgonjwa, sawa," aliniambia. "Wananiona nina ukimwi, sawa. Nguo wanaleta. Lakini mwehu, mdogo wangu, nani anampa mwehu mkasi?"

Nilimwambia ni ujinga wa watu. Akasema anajua ni ujinga, na kwamba ujinga huo ndio unaomletea vitambaa. Nilikasirika naye muda mrefu. Nilimwona mkaidi. Kila nikisikia cherehani likisimama katikati ya mshono, likikaa kimya, likianza tena, nilitaka kwenda kumburuta. Dawa ipo, iko umbali wa kutembea kwa miguu, na mtu anaungua kwa sababu ya benchi. Na sikuweza kumwambia kwamba anakosea, kwa sababu nimeishi mji huu na ninawajua watu wake. Mmoja wao ni mimi.

Mwishowe alihama. Binti yake anafanya kazi ofisi za halmashauri kule Maswa, ana nyumba Nyalikungu, na mjini kule hakuna aliyemjua Fundi. Alibeba cherehani, mkasi na kioo. Wateja aliwaambia anakwenda kulea mjukuu. Mimi aliniambia anakwenda kukaa kwenye benchi ambalo hakuna anayejua jina lake. Bati letu likabaki na mpangaji mwingine, anauza vocha na vifuniko vya simu, na muziki wake haunyamazi.

Nilimwona mwaka jana, nilipokwenda Maswa kwenye semina ya wauza dawa. Nilikwenda Nyalikungu nikiwa na kitambaa kwenye mfuko. Binti yangu alikuwa anakaribia sendofu, na nilikuwa nimejiapiza kwamba mama wa bibi harusi hatavaa nguo ya fundi mwingine. Nilimkuta uani. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amenenepa. Uso wake ulikuwa umelala, yaani umelala usingizi kweli, mikunjo ya hasira imelegea. Alikuwa na kikombe cha maji pembeni kwa sababu dawa inamkausha mdomo, na mjukuu amemlalia, mtoto wa kama miaka minne, mkono wake kauweka begani kwa bibi. Alinipokea kwa kicheko. Alisema maumivu hayajaondoka, ila yamekuwa kama redio ya jirani, unaisikia lakini unalala. Nilifurahi nikataka kulia. Nikajisemea kumbe, mambo yanaweza kwisha vizuri.

Nikatoa kitambaa. Alikishika, akakikunja, akakivuta kuona kinavyonyumbuka, na macho yakabadilika. Alileta futi akanipima. Alipima bega, akasahau, akapima tena. Nilidhani ni uzee. Aliingia ndani kutafuta chaki, na binti yake akanivuta pembeni, karibu na jiko.

"Mama mdogo, usimwachie hicho kitambaa," alisema. "Akinywa dawa anakata kombo. Aliharibu gauni la mtu hapa, akalia siku nzima. Sasa akipata nguo ya kukata anaacha dawa kwanza, siku mbili tatu, mpaka akili iamke. Na maumivu nayo yanaamka. Anakatia humo humo."

Nilirudi uani, nikachukua kitambaa changu Fundi akitoka na chaki. Nilisema nimebadili mawazo, nitatafuta kingine, hiki rangi yake imenikinaisha. Naijua kazi ya kudanganya wagonjwa, nimeifanya miaka mingi kwenye kaunta, lakini Fundi alikuwa ameshika ncha ya pili ya kitambaa na hakuiachia.

"Huyo mtoto kakwambia," alisema.

Nilivuta ncha yangu kidogo.

"Dokta, hiyo dawa ni nzuri. Nalala. Mjukuu ananilalia. Lakini akilala Fundi, anayeamka ni bibi wa watu, mama wa watu, mtu mzuri tu. Fundi haamki. Mimi siwezi kumwacha alale moja kwa moja. Nitamfufuaje?"

Nilimwambia sitaki nguo ya kumuumiza. Akasema hakuniuliza ninachotaka, na kwamba nguo zake zote tangu augue zimemuumiza na sikuwahi kuuliza. Akavuta. Nikaachia. Alikikunja akakiweka juu ya cherehani, akasema, "Njoo Ijumaa." Sauti ilikuwa ile ya zamani, na binti yake akageuza uso ukutani.

Nilikwenda Ijumaa. Gauni lilikuwa limeshanyooshwa, limekunjwa, nyuzi zote zimekatwa. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mgongo haujagusa kitu, mkono kiunoni umevuta nguo, midomo imebanwa. Mjukuu alikuwa amepelekwa kwa jirani. Nilipoanza kumshukuru alinionyesha mlango kwa kidevu, na binti yake akanisindikiza hadi barabarani.

Siku ya sendofu kila mtu aliuliza ni fundi gani. Niliwaambia. Gauni lilinikaa kama ngozi yangu mwenyewe. Halikubana kwapani, halikuvuta mgongoni, mishono yake yote ilikuwa imefunikwa kwa bitana laini hata usingejua ipo. Nilikaa nalo tangu mchana hadi watu walipotawanyika, ninasimama, ninainama, ninakumbatiwa, ninacheza, nikitafuta mahali litakaponiuma. Sikupapata.